Jinsi ya Kufuma Skafu ya Baridi yenye Urembo wa Makombe: Mwongozo kwa Anayeanza Krosheti

Kila mwaka, pepo za kusi zinapoanza kuvuma na watoto wetu wanaosoma bara wanapoanza kupiga simu wakilalamikia baridi ya Nairobi na Limuru, huja kwangu hapa Langoni, Lamu, akina mama na wasichana wakiwa na uzi mkononi na maswali yale yale. Ninunue uzi gani? Nianze na pete ngapi, yaani vitanzi vya mnyororo wa mwanzo? Na lile linaloulizwa kuliko yote: “Shangazi, mbona skafu yangu inazidi kuwa nyembamba kadiri ninavyofuma?” Nimeandika mwongozo huu ili majibu yote yawe mahali pamoja, na ili asiyeweza kufika barazani kwangu aweze kuufuata akiwa kwake.

Skafu tutakayoifuma ina urembo wa makombe, yaani mishono mitano inayochanua kutoka tundu moja mfano wa kombe la pwani, na miishoni ina matamvua yaliyosokotwa kama ya kikoi. Nimeuchagua urembo huu kwa sababu mbili. Kwanza, umeshonana vya kutosha kuzuia upepo, tofauti na urembo wa matundu makubwa ambao hupendeza mezani lakini haumfai mtu mwenye baridi. Pili, makombe ni rahisi kuhesabika, na anayejua kuhesabu mstari wake hapotei.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uzi. Utahitaji gramu 250 za uzi wa unene wa kati, yaani ule ambao lebo yake inapendekeza sindano ya milimita 5. Ukiwa katika madonge ya gramu 50, nunua matano kwa pamoja. Uzi wa sufu ndio wenye joto zaidi, lakini bei yake ni kubwa na baadhi ya watu huwashwa nao shingoni. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani usio wa sufu wala pamba, ni rahisi kupatikana, haipandi bei sana, na hufuliwa bila shida, kwa hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa skafu ya kwanza. Uzi wa pamba uache kwa kazi nyingine, kwa maana ukilowa huwa mzito na hukawia kukauka. Wengi wetu hukosea hapa kwa sababu tunaupima uzi kwa shingo zetu wenyewe tukiwa hapa Amu, yaani Lamu, ambako hata kitambaa chepesi hutosha. Mvaaji wako atakuwa Limuru mwezi wa Julai, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, akisubiri gari alfajiri.

Chagua rangi ya kung’aa isiyokolea sana, kama vile samawati, waridi au rangi ya maziwa. Uzi mweusi au wa kahawia iliyokoza huficha matundu, na uzi wenye manyoya hauonyeshi mshono unaanzia wapi wala unaishia wapi.

Sindano ya krosheti ya milimita 5, ya alumini au ya mti. Ile sindano nyembamba ya chuma iliyomo katika kikapu cha bibi yako ilikuwa ya kufumia vitambaa vya meza kwa uzi wa pamba, na haitaushika uzi huu. Ukiweza, pata pia ya milimita 6 kwa ajili ya mnyororo wa mwanzo tu.

Pamoja na hivyo, uwe na sindano butu yenye tundu pana, mkasi, futi ya fundi, pini mbili ndogo kama zile za kufungia mtandio, na kitabu kigumu chenye upana wa sentimita 18 hivi.

Tahadhari wakati wa kununua. Juu ya lebo ya kila donge huwa pana namba mbili: moja ni ya rangi yenyewe, na ya pili ni ya mkupuo uliotiwa rangi kwa pamoja kiwandani. Hakikisha namba zote mbili zinalingana katika madonge yote. Mimi nilipata kumfumia ndugu yangu skafu ya kijani, uzi ukaniishia, nikanunua donge la tano mwezi mmoja baadaye na muuzaji akanihakikishia kwamba ni rangi ile ile. Ndani ya duka zilifanana kabisa. Nilipoitandika juani, robo ya mwisho ilionekana kama imekatwa kutoka nguo nyingine, na ilinibidi nifumue kazi ya siku tatu.

Mishono miwili ya kujifunza kwanza

Kazi yote hii imejengwa juu ya mnyororo na mishono miwili tu. Ifanyie mazoezi kwa uzi wa kutupa hadi mkono uzoee.

Mshono mfupi hufanywa hivi: ingiza sindano katika tundu, zungusha uzi juu ya sindano na uvute, nawe utakuwa na vitanzi viwili. Zungusha uzi tena, kisha uupitishe katika vitanzi vyote viwili kwa mara moja. Kimebaki kitanzi kimoja, na mshono umekamilika.

Mshono mrefu huanza kwa kuzungusha uzi juu ya sindano kabla hujaingia tunduni. Ingia, zungusha, vuta, nawe utakuwa na vitanzi vitatu. Zungusha na upitishe katika viwili vya mbele. Zungusha tena na upitishe katika viwili vilivyobaki.

Katika mishono yote miwili, sindano ipite chini ya nyuzi zote mbili zinazoonekana kama herufi V juu ya mshono wa mstari uliopita. Ukishika uzi mmoja tu, kazi italegea na kufanya mistari ya matundu.

Neno moja kwa wale wanaosoma vielelezo kutoka nje. Mshono huu mrefu, vitabu vya Marekani huuita wa mara mbili, na vya Uingereza huuita wa mara tatu, ilhali “mara mbili” ya Uingereza ndio huu mfupi wetu. Basi kabla ya kufuata kielelezo chochote cha kigeni, tazama kimeandikwa kwa mtindo wa nchi gani, la sivyo utapata kitu ambacho hakifanani hata kidogo na picha yake.

Hatua za kufuma

1. Kata uzi wa matamvua kwanza. Zungushia uzi kwenye upana wa kile kitabu mara 40, kisha ukate upande mmoja, nawe utapata vipande 40 vyenye urefu wa sentimita 36 hivi. Vifunge pamoja na uviweke kando. Anayeacha jambo hili hadi mwisho mara nyingi hukuta uzi umekwisha.

2. Tengeneza kitanzi cha kuanzia. Acha mkia wa sentimita 15, fanya duara kwa uzi, vuta uzi unaotoka kwenye donge kupitia ndani ya duara, kisha uingize sindano na ukaze polepole. Kitanzi kinapaswa kuteleza juu ya sindano bila kuanguka.

3. Fuma mnyororo wa pete 32. Zungusha uzi, upitishe katika kitanzi, na hiyo ni pete moja. Kitanzi kilicho juu ya sindano hakihesabiwi, wala fundo la mwanzo. Tumia sindano ya milimita 6 hapa ikiwa unayo, kisha urudie ile ya 5. Hesabu mara mbili, kwa sababu kosa la pete moja hapa litaharibu kila kitakachofuata. Pete 32 zitakupa upana wa shubiri moja hivi, yaani karibu na sentimita 20. Ukitaka skafu pana zaidi, ongeza pete sita kwa kila kombe.

4. Mstari wa kwanza. Tia mshono mfupi katika pete ya pili kutoka kwenye sindano. Ruka pete mbili, na katika pete ifuatayo tia mishono mirefu mitano, yote katika pete hiyo hiyo moja. Ruka pete mbili, tia mshono mfupi mmoja. Hilo ni kombe la kwanza. Endelea hivyo hadi upate makombe matano, na mshono mfupi wa mwisho utue juu ya pete ya mwisho kabisa. Ikiwa umebakiwa na pete, au zimekupungukia, usijaribu kuficha: fumua, uhesabu mnyororo upya.

5. Mstari wa pili. Geuza kazi. Fuma pete tatu, ambazo zinahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza, kisha tia mishono mirefu miwili katika ule mshono mfupi wa pembeni ambapo pete hizo zimesimama. Umepata nusu ya kombe. Ruka mishono mirefu miwili, tia mshono mfupi juu ya ule wa tatu, yaani utosini mwa kombe la chini. Ruka miwili iliyobaki ya kombe hilo, na katika mshono mfupi unaofuata tia mishono mirefu mitano. Endelea hivyo. Baada ya kutia mshono mfupi juu ya utosi wa kombe la tano, malizia kwa mishono mirefu mitatu katika mshono mfupi wa mwisho. Hesabu: unapaswa kuwa na makombe manne kamili na nusu moja kila upande.

6. Mstari wa tatu. Geuza kazi. Fuma pete moja, tia mshono mfupi juu ya mshono mrefu wa kwanza. Ruka mishono mirefu miwili, na katika mshono mfupi unaofuata tia mishono mirefu mitano. Ruka miwili, tia mshono mfupi utosini mwa kombe, na uendelee. Unapofika mwisho, baada ya kombe la tano, ruka mishono mirefu miwili na utie mshono mfupi wa mwisho juu ya zile pete tatu ulizoanzia mstari wa pili. Mahali hapa ndipo wanapopotea wengi kuliko mahali pengine popote. Pete tatu hazifanani na mshono. Hujikunja pembeni na kuonekana kama uzi uliolegea, kwa hiyo mtu huzipita akidhani mstari umekwisha. Hadi jicho lako lizoee, chomeka pini katika pete ya tatu mara tu unapoifuma, ili ukirudi upate alama ya kukuongoza.

7. Rudia mstari wa pili na wa tatu. Mstari wenye namba witiri utakuwa na makombe matano kamili, na wenye namba shufwa utakuwa na manne na nusu mbili. Hesabu kila mstari kabla ya kugeuza. Ni kazi ya nukta chache, nayo ni sawa na ile subira ya washonaji wa kofia za vito wa hapa kwetu, yaani kofia zinazotariziwa kwa mkono, ambao hawaruki kitundu hata kimoja kwa sababu wanajua kwamba kitundu kilichorukwa kitaonekana siku kofia itakapovaliwa. Ukikuta kosa, fumua hadi hapo lilipo. Krosheti ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi, kwa hiyo kufumua hakuharibu chochote: vuta uzi taratibu hadi kwenye kosa, rudisha sindano katika kitanzi, endelea.

8. Kuunga donge jipya. Unga pembeni mwa mstari, usiunge katikati ya kombe. Unapofanya mshono mfupi wa mwisho wa mstari na vitanzi viwili vikiwa juu ya sindano, uache uzi wa zamani na uupitishe uzi mpya katika vitanzi hivyo viwili. Acha mikia ya sentimita 15 kutoka pande zote mbili. Usitegemee fundo peke yake. Fundo hufunguka katika kufuliwa na huchoma shingo.

9. Simama skafu inapofika pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima skafu ikiwa imelazwa juu ya mkeka, wala si ikiwa imening’inia. Kwa mtu mzima, sentimita 160 hadi 180 zinatosha, na njia rahisi ni kuifanya ilingane na kimo cha mvaaji mwenyewe. Malizia kwa mstari wenye makombe matano, kata uzi ukiacha sentimita 20, upitishe katika kitanzi cha mwisho na ukaze.

10. Pamba ncha ya mwanzo. Ncha uliyomalizia ina makombe, lakini ile ya mnyororo iko sawa kama rula, na skafu ikivaliwa ncha hizi mbili huonekana pamoja kifuani. Geuza skafu, unga uzi kwenye kona ya mnyororo, ufume mstari mmoja wa makombe kuelekea upande wa pili: mshono mfupi chini ya kila mshono mfupi wa mstari wa kwanza, na mishono mirefu mitano chini ya kila kombe. Sasa ncha zote mbili zitafanana.

11. Tia matamvua. Kwa kila kombe la nchani chukua vipande vinne vya ule uzi uliokata, vikunje katikati, ingiza sindano utosini mwa kombe kutoka nyuma, vuta mkunjo, kisha upitishe ncha zote ndani ya mkunjo huo na ukaze. Una nyuzi nane zinazoning’inia. Zigawe nne kwa nne, sokota kila fungu kuelekea kulia hadi lianze kujikunja lenyewe, yaweke mafungu mawili pamoja, kisha uyaachie yasokotane kuelekea kushoto, na ufunge fundo dogo mwishoni. Aliyewahi kusokota matamvua ya kikoi hana la kufundishwa hapa. Kata ncha zote zilingane.

12. Ficha mikia. Kwa sindano butu, pitisha kila mkia ndani ya mishono kwa sentimita 5, urudi nyuma kwa njia nyingine kwa sentimita 3, kisha ukate. Mkia uliopitishwa upande mmoja tu hutoka baada ya kufuliwa mara mbili.

13. Lowesha na unyooshe. Iloweshe skafu katika maji baridi yenye sabuni kidogo kwa dakika 20, isuuze, uikunje ndani ya taulo na uikandamize ili maji yatoke. Usiikamue. Ilaze kivulini juu ya mkeka penye upepo, vuta kila kombe kwa vidole hadi lifunguke vizuri, na uiache ikauke hapo. Skafu ya sufu ikianikwa kwenye kamba ikiwa na maji itarefuka na haitarudi, na ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa itasinyaa na kuwa ngumu kama zulia. Ile ya akriliki usiiguse kwa pasi hata kidogo, kwa sababu uzi wake huyeyuka na kulala bapa, na kombe lililolala halitainuka tena.

Ukikwama

Skafu inakuwa nyembamba mfano wa pembetatu. Unaziruka pete tatu mwishoni mwa mstari, kama nilivyoeleza katika hatua ya 6. Hesabu kuanzia chini hadi upate mstari wa kwanza wenye upungufu, na ufumue hadi hapo. Kuongeza kombe juu ili kufidia kutaacha kona iliyopinda.

Skafu inapanuka. Umetia makombe kamili pembeni badala ya nusu, au umeupasua uzi na kuhesabu mshono mmoja mara mbili.

Ncha ya mwanzo imejikaza na kujipinda kama chano. Mnyororo wako ulikuwa mgumu kuliko mishono uliyoijenga juu yake. Hakuna dawa nyingine ila kuanza upya kwa sindano kubwa zaidi, kwa hiyo utazame mapema, mistari minne ya kwanza ikiisha.

Sindano haiingii tunduni. Mara nyingi ni jasho. Siku za joto mkono wenye unyevu hushika uzi kwa nguvu na kila kitanzi hukazika bila wewe kujua. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, na ufume baada ya alasiri, upepo ukianza kuingia. Angalia pia unazungushia uzi wapi: kitanzi kiundwe juu ya mwili mnene wa sindano, si shingoni karibu na ncha, kwa sababu shingo ni nyembamba na kitanzi chake huwa kidogo.

Makombe hayalali, yanainuka kama vikombe. Ikiwa bado yanainuka baada ya kuloweshwa, mishono yako mirefu ni mifupi mno. Vuta kitanzi cha kwanza juu zaidi kabla ya kuendelea, au tumia sindano ya milimita 5.5.

Mimi hutumia mkono wa kushoto. Fuata maelezo haya haya bila kubadilisha hesabu yoyote. Kazi yako itaelekea upande mwingine, na skafu itakuwa ile ile. Ukijifunza kutoka kwa mwenzio atumiaye kulia, keti mkabala naye wala si kando yake, ili umuone kama katika kioo.

Mvaaji anasema inawasha. Ni uzi wa sufu, nawe ungeweza kulijua hilo dukani kwa kuliweka donge chini ya sikio kwa dakika chache. Kwa sasa anaweza kuivaa juu ya ukosi wa shati.

Unapoituma kwa basi la kutoka Mokowe, ng’ambo ya bara tunakovuka kwa mashua, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe mashuani, na utie humo mita mbili za uzi uliobaki zilizozungushiwa kikadi chenye maelezo ya kufua. Kombe likinasa msumari huko bara, atakuwa na uzi wa rangi ile ile wa kulishonea.